Kadi 40 za Idi kutoka kanga ya Bibi: shajara ya mradi

9 Rajabu

Leo nimefunguliwa sanduku la Bibi, na mradi umeanza rasmi. Nataka kutengeneza kadi 40 za Idi kwa mkono. Juu ya kila kadi kutakuwa na ua la karatasi ya kukunja, na karatasi hiyo itabeba nakshi ya kanga za Bibi mwenyewe.

Nilipokuwa mdogo hapa Ngamiani, Tanga, kadi za Idi zilikuwa zinakuja kwa posta. Mama alizisimamisha juu ya kabati la vyombo, ya Wete, Pemba, kando ya ya Mombasa, na wageni wa Idi walizisoma moja moja wakisubiri kaimati. Siku hizi inakuja picha kwenye simu, ile ile iliyotumwa kwa watu sitini. Naipokea kwa shukrani, lakini haisimami juu ya kabati. Shangazi yangu wa Wete bado ana kopo la biskuti limejaa kadi za zamani. Mwaka jana aliniambia kopo lile halijaongezewa kitu kwa miaka mingi. Maneno hayo sikuyasahau.

Ufundi ninaoutumia unatoka kwenye karatasi za chai. Mwaka 1992, huko Uholanzi, mama mmoja aitwaye Tiny van der Plas alitaka kumtengenezea dada yake kadi ya siku ya kuzaliwa. Akachukua vijibahasha vinavyofungia pakiti za majani ya chai, vile vyenye picha, akavikata miraba, akavikunja namna moja vyote na kuvipanga duara. Likatoka ua. Vipande kwa kawaida ni vinane. Mwaka jana nilijaribu kwa vijibahasha nilivyokusanya, nikapata kadi tano. Zilipendeza, ila zilikuwa na jina la chai kila jani. Ndipo nikafikiria kanga.

Vifaa nilivyonavyo: mkasi, wembe, rula ya chuma, penseli, gundi nyeupe ya maji, kijiko cha chai (mgongo wake ndio wa kupigia mkunjo) na karatasi 20 za manila nyeupe za ukubwa wa A4. Karatasi moja ya A4 ikikatwa katikati inatoa kadi mbili, na kila moja ikikunjwa inakuwa na upana wa sentimita 10.5 na urefu wa 14.8. Kwa hiyo karatasi 20, kadi 40. Tarehe ya mwisho inategemea mwezi, na mimi nahesabu Ramadhani ya siku 29 ili nisije nikaumbuka.

12 Rajabu

Kabla ya kugusa karatasi ya rangi nimefanya majaribio kwa karatasi nyeupe ya daftari. Nayaandika kwa urefu kwa sababu kila kitu kingine kinasimama juu ya mkunjo huu.

Chukua mraba. Upande wenye nakshi utazame chini. Chagua pembe moja, uiite A. Kunja mraba kwa mshazari kutoka A hadi pembe ya pili, kisha ufungue, ubaki na alama tu. Sasa leta ukingo wa kushoto wa A ulale juu ya mstari ule wa katikati, na wa kulia vivyo hivyo. Umepata umbo la tiara, ncha kali upande wa A. Pembe ya mraba ilikuwa nyuzi 90, imekunjwa kwa nusu, imebaki nyuzi 45. Nyuzi 45 mara nane ni 360, ndiyo maana majani manane yanafunga duara bila kupandana na bila kuacha nafasi.

Upande wa pili wa tiara kunabaki pembetatu nyeupe inayochungulia. Ile nayo ikunje mbele, ilale juu ya mikunjo miwili ya kwanza. Inaishika, kama mdomo wa bahasha. Jani limekamilika kwa mikunjo mitatu tu, ukiacha ule wa alama.

Nilianza na miraba ya sentimita 5. Majani manane yakatoa umbo la pembe nane lenye upana wa sentimita 10 kamili, na pembe kwa pembe 10.8. Kadi yangu ina 10.5. Ncha zilitoka nje ya kadi. Nikashuka hadi sentimita 4: upana 8, pembe kwa pembe kama 8.7. Hapo ua linapumua, na chini yake kunabaki mahali pa maandishi. Tena miraba ya 4 inaenea vizuri kwenye A4, safu 5 kwa 7, yaani 35. Ua moja linakula 8, kwa hiyo kila karatasi inatoa maua manne na akiba ya miraba mitatu. Kadi 40 ni miraba 320, karatasi 10.

13 Rajabu

Nimepiga picha kanga tatu. Nilizipiga pasi, nikazitandika kitandani asubuhi wakati mwanga unaingia dirishani bila jua kali, nikapanda juu ya stuli ili simu itazame chini moja kwa moja. Picha ikipigwa kwa upande, mistari ya pindo inakwenda mshazari, na kuinyoosha baadaye ni kazi.

Kati ya hizo tatu nimechagua moja tu: nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, yenye korosho kubwa katikati na pindo la vikorosho vidogo na nukta. Jina lake WEMA HAUOZI. Bibi anasema alipewa doti hiyo na mama mkwe wake siku alipomleta baba duniani.

15 Rajabu

Nimetoka steshenari na karatasi moja ya majaribio, iliyochapwa kutoka kwenye picha ya kanga ile. Miraba 35, na katikati ya kila mraba nimeweka korosho ile kubwa, nzima, imekaa sawa kabisa. Ilivyokuwa bapa ilipendeza mno. Kijana wa steshenari aliiinua akaionyesha kwa mwenzake.

Nikakaa mezani, nikakunja jani la kwanza. Korosho haipo.

Nikakunja la pili nikidhani nimekosea upande. Haipo. Kilichoonekana mbele ni nyeupe na kipande cha mkia wa korosho, basi. Nikageuza jani: korosho iko mgongoni, nzima, mahali ambapo gundi itapakwa.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima, na sasa nalielewa. Kinachokuja mbele ni zile kingo mbili zilizotoka kwenye pembe A, kila moja ikiwa pembetatu ndefu nyembamba, urefu sentimita 4 na upana, pale inapopanuka zaidi, usiozidi 1.7. Juu yake inaongezeka ile pembe ya mwisho iliyokunjwa. Katikati ya mraba, pale nilipoweka kitu nilichokipenda kuliko vyote, hapaonekani kamwe. Mkunjo unaleta kingo mbele na kuficha katikati.

Nimejaribu kuligeuza ua zima, mgongo uwe uso. Korosho nane zinaonekana, ni kweli, lakini mikunjo yote imepotea. Inakuwa kama pembetatu zilizokatwa kwa mkasi na kubandikwa. Anayeipokea hatajua kuna mkono uliokunja kitu. Sitaki hivyo.

16 Rajabu

Sijakunja chochote leo. Nimekata manila.

Jambo moja la kukumbuka kwa atakayekata: manila ina upande inaokubali kupinda na upande inaoukataa, kwa sababu nyuzi za karatasi zimelala upande mmoja. Ishike, uipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Pale inapolainika ndipo mgongo wa kadi uwe. Ukikunja kinyume, mgongo unapasuka nyufa nyeupe. Kwa bahati manila yangu inakubali upande ninaouhitaji.

21 Rajabu

Nilimpelekea Bibi ua la majaribio. Haoni vizuri kwa karibu, akalishika kwa vidole na kulizungusha.

"Mbona umekula mji?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba mji umekwenda nyuma. Bibi amepinda kanga za watu kwa miaka, watu walimletea doti akawakatia na kuwapindia, kwa hiyo jambo la kukunja kingo analijua kuliko mimi. Akaniambia, "Basi wewe unashughulika na pindo, mjukuu wangu. Unaweka mji mahali pa pindo unategemea nini?"

Kwa asiyejua: kanga ina sehemu tatu. Mji ni uwanja wa katikati. Pindo ni ukingo unaoizunguka pande zote nne. Jina ni yale maneno. Nimeyatamka maneno hayo tangu utotoni, na sikuwahi kusimama nikaona kwamba pindo limetoka kwenye kupinda. Ni sehemu inayokaa pale kitambaa kinapopindwa. Karatasi yangu ilikuwa inaniambia jambo hilo hilo tangu tarehe 15.

Kwa hiyo nimepanga mraba upya. Kando ya kingo mbili za pembe A nimeweka pindo la kanga, vikorosho vidogo na nukta, kwa upana wa sentimita 1.7 kasoro kidogo. Kwenye pembe ya mwisho, ile inayokunjwa kuwa kifungo, nimeweka ua dogo jeusi linalokaa kwenye pembe za mji wa kanga hii. Na katikati?

Kijana wa steshenari alinishauri niache katikati peupe. Ana hoja: karatasi iliyojaa rangi ananitoza shilingi 700, na ikiwa nusu tupu 500. Kwa karatasi 10 ni tofauti ya 2,000, na hakuna jicho litakalopaona. Nilikuwa nimeshakubali. Bibi akakataa. "Kanga isiyo na mji si kanga, hicho ni kitambaa cha meza." Nimeiacha korosho mahali pake, katikati, itakakofichwa.

26 Rajabu

Mpangilio mpya umechapwa na umekunjwa. Umekubali. Mstari wa nukta unatoka katikati ya ua kama miale, vikorosho vinakwenda vikikua hadi ukingoni, na yale maua meusi manane yamefunga duara nje. Nakshi hii haipo kwenye kanga. Haikuwepo popote kabla ya kukunjwa. Nilikaa nikiitazama hadi chai ikapoa.

Kitu nilichogundua: pindo la upande mmoja wa mraba lazima liwe taswira ya kioo ya upande wa pili. Nilipoyaweka yote mawili yakielekea upande mmoja, ua lilionekana linazunguka kama pia. Kuna atakayependa hivyo. Mimi kwa Idi nataka litulie.

3 Shaabani

Wiki ya kuhangaika na printa.

Steshenari ya kwanza wana mashine ya wino wa unga. Rangi inatoka kali, nyekundu inawaka. Lakini wino wa unga hauingii ndani ya karatasi. Unayeyushwa kwa joto na kuganda juu yake kama ngozi. Ukikunja, ngozi inapasuka, na kwenye kila mkunjo panabaki mstari mweupe. Tulipojaribu karatasi nene ya kung'aa ndiyo ikawa mbaya zaidi, rangi ilidondoka vumbi mezani. Kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80 ufa ni mwembamba sana, ila upo, na kwenye sehemu nyeusi unaonekana.

Steshenari ya pili wana printa ya wino wa maji. Wino unanywewa na karatasi, kwa hiyo mkunjo hauna ufa hata chembe. Ubaya wake ni jasho. Huu ni msimu wa kaskazi, Tanga ina joto la kunata, na kidole chenye unyevu kikigusa nyekundu kinaondoka nayo. Gundi ya maji ikizidi pia inapenya na kufanya wingu la waridi upande wa pili.

Nimechagua wino wa maji. Jasho naweza kulizuia, ufa siwezi kuuziba. Karatasi nazilaza siku nzima kabla ya kuzikata, na pembeni nina kitambaa kikavu na sahani ndogo ya poda ya mtoto. Gundi napaka kwa kijiti cha kiberiti, nukta moja tu kila jani, upande wa mgongo.

10 Shaabani

Leo nimejifunza kwa nini ua langu la tatu lilibaki na mwanya.

Kila jani peke yake lilikuwa zuri. Lakini nilipofika la nane, kulikuwa na pengo ambalo ungeweza kupitisha punje ya mchele. Nikapima. Kila jani lilikuwa jembamba kwa nusu ya uzi hivi, kitu ambacho jicho halikioni. Nusu mara nane ni nyuzi nne. Kosa haliko mahali popote hadi mwisho, kisha lote linakuja kukaa sehemu moja.

Dawa nilizopata ni mbili. Ya kwanza ni kwenye kukunja: ukingo usiguse mstari wa mshazari kabisa, uache unywele mmoja, kwa sababu karatasi nayo ina unene na inakula nafasi yake pale inapopinda. Majani yangu yalikuwa membamba kwa sababu nilikuwa navuta ukingo hadi uvuke mstari.

Ya pili ni kwenye kupanga. Nimeacha kubandika kwa kuzunguka, la kwanza, la pili, la tatu. Sasa nachora kwa penseli msalaba mwepesi juu ya kadi, kisha msalaba mwingine kati yake, mistari minane. Nabandika jani la juu na la chini, halafu la kushoto na la kulia, kisha yale manne ya katikati. Kosa dogo likibaki linagawanyika sehemu nne na halionekani. Katikati, pale ncha nane zinapokutana, naweka ushanga mmoja mweusi mdogo. Ncha za karatasi hata ziwe kali vipi hazikutani sawasawa, na ushanga unazipa mahali pa kuelekea.

14 Shaabani

Maua 6. Kesho nusu ya Shaabani, nimesimamisha kazi.

22 Shaabani

Maua 15, na leo nimekaa na ndani ya kadi.

Nimeamua ndani kuwe na Idi Mubarak, nafasi ya kuandika kwa kalamu, na chini kabisa, kwenye kisanduku chembamba, jina la kanga kwa herufi kubwa kama linavyokaa kwenye kanga yenyewe. Bibi amenisimulia jinsi watu wanavyoeleza asili ya kanga: wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zikiwa bado zimeungana kwenye jora, wakazikata tatu tatu na kuzishona pamoja ziwe nguo moja. Mombasa hadi leo wanaiita leso. Na majina yakaja baadaye, mwanzo yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kule Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, liko tangu 1887 na bado linatoa kanga. Leso ndogo zilishonwa zikawa kanga, na mimi hapa nimeikata kanga ikarudi kuwa vileso vya sentimita nne.

WEMA HAUOZI linamfaa karibu kila mtu. Lakini Bibi alitaka baadhi ya watu wapate jina lao wenyewe, kwa kuwa kumpa mtu kanga ni kumwambia kitu, na kadi hizi ni kanga. Tumekaa na orodha saa mbili nzima. Mjomba wa Mombasa, ambaye nyumba yake haikosi mtu sebuleni: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mdogo wangu anayetafuta kazi Dar: SUBIRA YAVUTA HERI. Kwa binamu aliyeko Muscat, anayesema kila mwaka kwamba mwakani atakuja: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Kuna kanga moja ya buluu ndani ya sanduku iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU. Hiyo tuliiacha. Jina kama lile likifika kwenye nyumba ya shemeji siku ya Idi, litatafutiwa maana hadi Idi ya pili.

3 Ramadhani

Kazi imehamia usiku baada ya tarawehe. Mchana nikiwa nimefunga, mikono haina utulivu, na alasiri ni ya jikoni.

Mpango wa usiku: nusu saa kukata, saa moja kukunja. Jani moja sasa linanichukua dakika moja. Kulibandika ua zima, na misalaba yake ya penseli, robo saa. Wajukuu wa jirani wanapenda kukaa nami wakikunja, na mmoja wao, msichana wa miaka tisa, ana mkono safi kuliko wangu. Nimempa kijiko chake mwenyewe.

6 Ramadhani

Majani 11 yameharibika. Tulikunja kutoka pembe isiyo sahihi, taa ilikuwa hafifu, na pindo likaenda mgongoni. Kuanzia leo kila mraba ukikatwa tu unawekewa nukta ya penseli nyuma ya pembe A. Akiba ya miraba mitatu kwa kila karatasi imetuokoa, imebaki 19.

11 Ramadhani

Maua 29. Unyevu umeanza kuleta shida. Mvua imenyesha juzi kabla ya wakati wake, na jana asubuhi nimezikuta kadi zimejikunyata kama majani ya mgomba yaliyonyauka. Manila inakunywa unyevu upande ulio wazi, upande wenye ua na gundi unakataa, basi inajipinda kuelekea upande mmoja.

Nimezilaza katikati ya magazeti, kadi moja gazeti moja, juu nikaweka ubao wa kukandia chapati na juu yake jiwe la kusagia la Bibi. Ua la aina hii ni jembamba, tabaka mbili za karatasi na la tatu pale kwenye kifungo, kwa hiyo kulilaza chini ya uzito hakuliumizi. Leo zimenyooka. Ushanga tu ndio unaoacha alama kwenye kadi ya juu, kwa hiyo natoboa tundu dogo kwenye gazeti pale ushanga unapokaa.

17 Ramadhani

Bahasha nilizoagiza ni ndogo. Niliomba za milimita 114 kwa 162, zinazomeza kadi yangu na kuacha nafasi ya ua. Nimeletewa zenye upana sawasawa na kadi. Ukiisukuma kadi ndani, majani ya pembeni yanakwaruzwa. Muuzaji amesema mzigo mwingine utafika baada ya Idi.

Nimetengeneza bahasha mwenyewe kwa karatasi ya kaki. Usiku mbili zimekwenda. Lakini ndani ya kila bahasha, kwenye mdomo, nimebandika kipande cha miraba iliyoharibika, upande wa korosho ukitazama juu. Anayefungua anaiona korosho kwanza, kisha pindo. Nimefurahi sana kwa hilo, na lisingekuja kama bahasha za duka zingetosha.

24 Ramadhani

Kadi 40 zimekamilika tangu jana saa sita usiku. Bibi alizihesabu kwa kuzigusa moja moja.

Zimeondoka hivi: 9 za Dar zimekwenda na basi la asubuhi kwa mkono wa jirani. 6 za Mombasa kachukua mtoto wa mjomba. 4 za Muscat amezipokea dada mmoja anayesafiri kesho, nimezifunga kati ya vipande viwili vya boksi ngumu. Za Wete 3 zimekwenda na mtu anayevuka kwa jahazi, zimefungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni kwa ajili ya maji ya bahari. Zilizobaki ni za mtaani, nitazipeleka mwenyewe baada ya sala ya Idi.

2 Mfungo Mosi

Idi njema. Jana nimetembea nyumba 18 na kadi. Leo nimepita tena, na kwenye nyumba tatu nimezikuta zimesimamishwa juu ya kabati la vyombo.

Leo jioni amepiga simu Shangazi kutoka Wete. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kila mtu, akaniambia kadi yake ilifika na jani moja limebanduka. Mifuko haikutosha, unyevu wa bahari uliingia, gundi ikaachia. Nikaanza kumwomba radhi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Lilianguka kifudifudi mkekani. Nikaona korosho. Hii si ile kanga ya mama, aliyopewa alipomzaa baba yako? Niliijua palepale."

Nikamwambia ndiyo hiyo.

"Basi nimelibandika tena kwa uji wa unga, lakini nimelibandika kwa nyuma. Korosho inaonekana. Saba ni pindo, moja ni mji."

Alimpa mtoto simu apige picha, ikaja. Jani lile moja, laini, bila mkunjo, jekundu, katikati ya yale saba yenye mistari. Halikuonekana kosa. Jicho linazunguka kwenye mikunjo, linafika pale, linatulia, kisha linaendelea.

Bibi alikuwa pembeni, nikamweleza picha yote. Akauliza, "Na ukiweka manne hivi na manne vile?"

Nimekata miraba minane ya akiba. Manne uso juu, manne mgongo juu, moja kwa moja kwa zamu. Gundi bado mbichi, iko chini ya jiwe la kusagia.